Kengele Isiyosubiri Salamu

Kama feni ya dirisha la saba isingeungua, Nyamizi Kasanda angeendelea kuamini kwamba anafanya kazi njema. Alikuwa mwendeshaji wa seva katika Jumba la Utafutaji la Tabora, ghorofa ya juu, kwenye chumba chenye baridi kuliko mahali popote mkoani. Kazi yake ilikuwa kutazama mstari wa kijani kwenye kioo, uliopima muda wa kusubiri, na kuhakikisha haupandi, na mstari haukuwahi kupanda. Wizarani walikuwa wakimsifu kwenye mikutano. Siku hiyo fundi wa umeme aliahidi kuja saa tatu, saa tano hajaonekana, na Nyamizi, ambaye hakuwa na subira na mafundi wa aina hiyo, alichukua bisibisi akashuka mwenyewe ukumbini.

Hakuwa na kawaida ya kushuka. Ukumbini kulikuwa na joto, na kulikuwa na watu. Wengi walikuwa wa pwani, wale walioletwa bara kwa treni mwaka maji yalipopanda na kumeza Songo Songo, Mafia na nusu ya Kilwa. Walipakiwa wakiwa wamelowa, mtoto behewa hili, mama behewa lile. Treni moja iliishia Tabora, nyingine Manyoni, nyingine Singida, na tangu hapo watu walikuwa wakitafutana. Ndiyo maana jumba lilijengwa, na madirisha yake yakatawanywa nchi nzima. Mtu anakaa mbele ya dirisha, anazungumza na injini ya kutafuta, injini inapekua majina yote ya waliosajiliwa nchi nzima, inamwambia ndugu yake yuko wapi. Kwenye karatasi ilikuwa kazi ya thawabu.

Nyamizi alipiga magoti chini ya dirisha la saba akaanza kufungua skrubu. Juu yake, kwenye kiti cha dirisha la nane, alikaa mwanamke mzee, mwenye kanga mbili na kadi ya plastiki iliyoning'inia shingoni.

"Shikamoo, bibi," dirisha lilisema kwa sauti laini ya kike. "Karibu sana."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Dirisha halikujibu, maana hawakulifundisha zaidi ya hapo. Yule bibi alingoja kidogo, akaona labda mwenzake ana haya, akaendelea mwenyewe.

"Mie sijambo kidogo, miguu tu hii. Za hapa? Haya. Poleni na kazi. Mwanangu, mie naitwa Somoe binti Fakihi, wa Songo Songo, kule juu kisimani. Siyo hawa akina Fakihi wa Kivinje, hao wengine kabisa. Sasa mie nina mjukuu wangu, mtoto wa marehemu Zuhura, binti yangu wa pili, ambaye baba yake alikuwa—"

"Hakuna," dirisha lilisema.

"Hakuna nini?" Bi Somoe aliuliza. Dirisha lilikuwa limekwisha kuzimika.

Karani wa ukumbi, kijana mnene aitwaye Msengi, alikuja na koleo lake la kutobolea, akaishika ile kadi shingoni mwa bibi akaitoboa tundu la pili. "Hii ya pili, bibi. Imebaki moja. Njoo Alhamisi."

Hapa pana sheria ambayo kila mtu nchini aliijua, hata watoto. Ukiuliza mara tatu, na mara tatu ukaambiwa hakuna, basi unayemtafuta anahesabiwa amekufa. Nyumba aliyotengewa anapewa mwingine. Mkewe anakaa eda. Jina lake linatolewa kwenye faharasa, ule mkusanyiko wa majina ambao injini inaupekua, na likishatolewa halirudi.

Nyamizi alibaki chini ya dirisha, bisibisi mkononi, akijaribu kukumbuka alichokisikia. Yule bibi alitaja kisima. Alitaja akina Fakihi wa Kivinje. Alimtaja marehemu Zuhura. Jina la mjukuu hakulitaja.

"Msengi," alisema akiinuka. "Hajataja jina la mtu. Dirisha limemjibu nini sasa?"

"Dada Nyamizi, mimi natoboa kadi tu."

"Bibi," Nyamizi alimgeukia Bi Somoe, "shikamoo. Alhamisi ukija, taja jina la mjukuu kwanza. Kabla ya kitu kingine chochote. Hata ukutani wameandika."

Bi Somoe alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, bila haraka.

"Asinisalimie basi," alisema. "Mtu ananipa shikamoo yangu, nisimwitike? Nimvamie na shida yangu kama askari? Mie nimelelewa, mwanangu. Huyo mliyemweka humo ndani ndiye sijui amelelewa wapi."

* * *

Shomvi, mwenzake wa zamu, alikuwa anakunywa chai juu ya sanduku la betri wakati Nyamizi aliporudi na vumbi magotini. Shomvi alikuwa mtu wa Bagamoyo, mcheshi, mwenye kuigiza sauti za watu. Nyamizi hakumsalimia.

"Nenda kwenye kinasa sauti cha majaribio," alisema. "Zungumza kama bibi yako."

"Bibi yangu gani? Yule mkali au yule mwingine?"

"Anayeongea sana."

Shomvi alikaa, akakohoa, na sauti ya ajuza ikamtoka kooni. Spika ilimpa shikamoo. Aliitikia, akauliza hali ya nyumbani, akalalamikia mgongo, akaanza kueleza ukoo wa mume wa kwanza. Nyamizi hakumwangalia. Alikuwa anakiangalia kioo kimoja tu, kile kinachoonyesha injini yenyewe inafanya nini.

"Hakuna," spika ilisema, na Shomvi akacheka.

Nyamizi hakucheka. Injini ilikuwa haijafanya kitu. Haikupekua jina hata moja. Ombi halikuifikia kabisa.

Ili mtu aelewe hasira iliyompanda, lazima aelewe jinsi jumba lile lilivyofanya kazi. Injini ya kutafuta haisimami yenyewe. Inakaa ndani ya programu nyingine, ambayo mafundi huiita kontena, na kontena ndilo linalofungua mlango. Ombi likija, kontena linalipatia kiti, linasikiliza mpaka limekamilika, linalipeleka kwa injini, kisha linatoa jibu nje. Injini inajua kutafuta. Kontena halijui chochote kuhusu majina wala watu, linajua viti na saa. Viti vina idadi, haviongezeki. Anayekosa kiti anasubiri mlangoni.

Jumba lilipoanza kulikuwa na makontena mawili ya kuchagua. La kwanza mafundi waliliita Mkeka, kwa sababu ukikaa hulazimishwi kuondoka, utaongea mpaka umalize. La pili ni Kengele. Kengele ilimpa kila ombi sekunde zile zile ishirini tangu mlango unapofunguliwa, zikiisha inakiondoa kiti, hata kama mtu yuko katikati ya neno. Lilianza Mkeka, baadaye uongozi ukachagua Kengele, na Nyamizi alipoajiriwa aliikuta Kengele inafanya kazi vizuri, akaambiwa aitunze, naye akaitunza.

"Kiti kikiondolewa kabla ombi halijakamilika," alisema taratibu, "Kengele inarudisha nini?"

"Inarudisha tupu."

"Na spika ikipokea tupu inasema nini?"

Shomvi aliweka kikombe chini. Hakuwa anaigiza tena mtu yeyote. "Inasema hakuna."

"Na shikamoo inahesabiwa ndani ya zile sekunde?"

"Kila kitu kinahesabiwa. Kengele haijui shikamoo ni nini." Alijipangusa usoni. "Dada, unakumbuka mwezi wako wa kwanza hapa? Spika ilikuwa haisalimii. Wazee walikuwa wanamaliza muda wote kuigombeza. Mtoto gani huyu, hana adabu. Ndipo mkurugenzi akasema tuifundishe shikamoo, na ibague umri kwa sauti. Tulifurahi sote. Tulikula na pilau siku ile."

Ndivyo ilivyokuwa. Vijana walipokaa dirishani, dirisha liliwaambia karibu, wakataja jina, wakapata jibu. Wazee waliamkiwa. Mzee akiamkiwa ataitikia, akiitikia atauliza hali, akimaliza kuuliza hali atajitambulisha yeye ni wa nani kabla ya kusema anataka nini, kwa sababu ndivyo mtu mwenye heshima zake anavyoingia nyumbani kwa mtu. Vijana walikuwa wanapata majibu na wazee walikuwa wanapata shikamoo. Na wazee ndio waliokuwa wanatafuta zaidi.

Nyamizi alijikasirikia, aliikasirikia Wizara, alimkasirikia hata Shomvi kwa ile chai yake. Watu walikuwa wamevaa kaniki na kukaa matanga kwa ajili ya ndugu ambao hakuna aliyewatafuta. Akaufungua mlango wa chumba cha seva kwa nguvu hata ukagonga ukuta, akaenda kwa mkurugenzi.

* * *

Mkurugenzi Ambakisye alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kusikiliza akiwa amefumba macho. Nyamizi alimweleza yote akiwa amesimama. Alipomaliza, Ambakisye aliyafumbua macho.

"Najua," alisema.

Nyamizi alikuwa amejiandaa kwa kila jibu ila hilo.

"Unajua tangu lini?"

"Mwaka jana. Kaa, Nyamizi."

"Sikai."

"Basi nisikilize umesimama. Wewe hukuwepo wakati wa Mkeka. Injini hii haitafuti ndugu tu. Hospitali nazo zinaitumia, unajua hilo. Mtu anavuja damu, kundi lake adimu, daktari anauliza nani mwenye damu hii yuko karibu. Mlango ule ule, viti vile vile. Siku moja mdogo wangu Tusajigwe alikuwa anajifungua kule Urambo. Daktari aliuliza. Viti vyote vilikuwa vimejaa watu wanaosalimiana." Alisema bila kupandisha sauti. "Mwenye damu alikuwa mtaa wa pili kutoka hospitali. Jibu lilipotoka, mdogo wangu alikuwa amekwisha kufunikwa. Mimi ndiye niliyeingiza Kengele. Na ningeiingiza tena leo."

Hapo Nyamizi alikaa, na alichukia kwamba amekaa.

"Pole," alisema, na alimaanisha. "Lakini tufungue makontena mawili. Kengele kwa hospitali, Mkeka kwa ukumbi."

"Faharasa ina kufuli moja. Makontena mawili yakiifungua kwa pamoja yanaichana, unalijua hilo kuliko mimi. Na nakala ya pili haienei kwenye mashine tulizonazo. Hii moja yenyewe inaenea kwa shida."

"Basi tubadilishe neno. Wakikatizwa, waambiwe wamekatizwa. Isiseme hakuna wakati haijatafuta."

Ambakisye alitazama dirishani. Hapo ndipo Nyamizi alipotambua kwamba habari ya Tusajigwe, pamoja na uchungu wake wote, haikuwa habari yote.

"Watu wa ofisi ya usajili hawataki neno lingine," alisema mkurugenzi. "'Hakuna' tatu zinafunga jalada. 'Umekatizwa' haifungi kitu. Majalada yasipofungwa majina hayatoki, majina yasipotoka faharasa inavimba, faharasa ikivimba injini inakuwa nzito, na hospitali inasubiri. Zipo na nyumba pia. Watu wanangoja nyumba za hao wasioonekana."

"Hawaonekani kwa sababu hatuwatafuti."

"Nyamizi."

"Mnawafuta watu walio hai ili mashine iwe nyepesi. Sema hivyo basi. Usinifichie nyuma ya marehemu mdogo wako."

Lilikuwa neno baya na alilijua lilipokuwa linatoka. Ambakisye alipozungumza tena, upole ulikuwa umepungua.

"Haya. Badilisha neno. Waambie ukweli. Kesho yake kila mzee nchi hii aliyewahi kuambiwa hakuna atarudi dirishani, siku moja, saa moja. Kengele itawakatiza, watakaa tena, itawakatiza, watakaa tena. Viti vitajaa kuliko enzi za Mkeka. Halafu simu italia kutoka Urambo au Sikonge au kokote, mama mwingine analala na damu inamtoka. Utaipokea wewe hiyo simu? Utamwambia nini mumewe, kwamba tulikuwa tunasema ukweli?"

Nyamizi alitoka bila kuaga. Njiani kwenye korido alikuwa bado anatafuta jibu, na kilichomuuma zaidi ni kwamba yule mtu alikuwa sahihi kuhusu hospitali na mwongo kuhusu mengine yote, na mambo hayo mawili yalikuwa yamefungwa pamoja kama mzigo mmoja ili asiweze kuchukua moja akaacha jingine.

* * *

Alhamisi asubuhi alimwambia Shomvi, "Nimebadilisha neno."

Shomvi hakuuliza neno gani. "Mkurugenzi anajua?"

"Atajua. Kaa kwenye kioo. Hospitali ikikosa kiti, nipigie hapo hapo. Mimi nashuka."

Bi Somoe alikuwa wa tatu kwenye foleni. Alikuwa amevaa kanga mpya. Alikaa dirisha la nane, akajitengeneza, akaweka mikono mapajani. Nyamizi alisimama karibu na Msengi. Kama neno jipya lingekosa kushika, dirisha likasema hakuna leo, yule mjukuu angekuwa maiti kwa mujibu wa sheria kabla ya chakula cha mchana.

"Shikamoo, bibi. Karibu sana."

"Marahaba," alisema Bi Somoe, na kwa kweli alijaribu. Ilionekana anajaribu. "Haya, leo nimeambiwa niseme haraka. Hujambo lakini? Maana juzi ulinikata mwanangu, hata sikujua nimekukosea nini, nikasema labda nimeanza vibaya, basi kama ni mie uniwie radhi. Mjukuu wangu huyu ni mtoto wa Zuhura, na Zuhura ndiye—"

"Nimekukatiza," dirisha lilisema. "Sikukusikiliza mpaka mwisho. Sijatafuta."

Msengi alikuwa amekwisha kuishika kadi. Koleo lilibaki hewani.

"Usitoboe," Nyamizi alisema.

Bi Somoe hakuinuka. Aligeuka polepole kwenye kiti akamtazama karani, kisha Nyamizi.

"Na ile ya kwanza?" aliuliza. "Na ya juzi? Zote alikuwa hanisikilizi?"

"Zote, bibi."

Nyamizi alisema kwa sauti ya kawaida, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza, na waliokuwa karibu walisikia, wakawaambia waliokuwa mbali. Dirisha la pili nalo likasema nimekukatiza. La tano likasema. Mwanamke mmoja aliyekuwa amevaa nguo nyeupe za eda alisimama ghafla, mkoba ukamdondoka. Mtu akauliza kwa nguvu kutoka nyuma, "Na mimi? Na mke wangu mwaka jana?" Kisha waliuliza wote. Foleni ilivunjika. Waliojaa kwenye madirisha walikatizwa, wakakaa tena, wakakatizwa, wakakaa tena, kama alivyosema mkurugenzi. Watu walikuwa na hasira, na Nyamizi aliyesimama katikati yao aliona hasira ile ni halali, hata pale mzee mmoja alipomsukuma begani.

Simu yake ikatetemeka. Ilikuwa ni Shomvi.

"Habari imeshafika Singida na Manyoni. Viti vimekwisha. Dada, kuna ombi la damu kutoka Urambo liko nje ya mlango."

Wakati huo huo Ambakisye aliingia kwa mlango wa pembeni, bila koti, uso umemsawajika. "Urambo," alisema tu. Hakugomba. Alikuwa anamtazama Nyamizi kama mtu anayeomba kitu.

Nyamizi hakufikiri sana. Pengine alikuwa amekwisha kufikiri tangu juzi bila kujua. "Shomvi," alisema kwenye simu, "funga madirisha. Yote, nchi nzima. Acha hospitali peke yake."

"Nikifunga hakuna mtu atakayeuliza chochote."

"Funga."

Madirisha yote yakazimika kwa pamoja, na taa zake, na feni zake. Kelele ikapanda, kisha ikashuka, kwa kuwa hapakuwa na wa kugombezwa tena. Baada ya muda mfupi Shomvi akarudi kwenye simu, anahema. "Urambo wamepata jibu. Mwenye damu yuko kituo cha mabasi, wanamfuata." Ambakisye, aliyesikia, alikwenda akaegemea ukuta.

"Sasa hawa?" alisema, akionyesha ukumbi kwa kidevu.

Nyamizi alivuta kiti cha Msengi, akakiweka mbele ya Bi Somoe, akakaa. Alitoa mfukoni kibao cha kioo anachofanyia kazi zake, ambacho kiliingia kwa injini kwa mlango wa mafundi na kilichukua kiti kimoja tu, tena kwa muda wa jina moja.

"Sheria ya Dirisha inakataza," alisema mkurugenzi. Ilikuwa kweli. Zamani makarani walikuwa wanawauzia watu majibu, ndiyo maana ikakatazwa mtu kumsikiliza mtu. "Watakufunga, Nyamizi."

"Najua," alisema. "Kama una kibao chako, vuta kiti. Kama huna, usinisimamie kichwani."

Kisha akamgeukia mwanamke aliyekuwa mbele yake. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Miguu inaendeleaje?"

Bi Somoe alieleza miguu. Alieleza kisima cha Songo Songo, na akina Fakihi wa Kivinje ambao ni wengine kabisa, na Zuhura alivyofariki, na baba wa mtoto alivyokuwa mpiga zumari asiye na nyumba. Alieleza behewa, na mkono wa mtoto ulivyomponyoka mlangoni. Nyamizi alikuwa anatikisa kichwa na kusema ee, na pale alipotakiwa kusema pole alisema pole. Jina lilikuja mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini, kama kitu cha thamani kinachofunguliwa kwenye pindo.

"Mfaume. Mfaume bin Chande."

Alipogusa kibao, jibu lilitoka kabla hajakiondoa kidole. "Yupo Manyoni," Nyamizi alisema. "Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Ana simu."

Bi Somoe hakupiga vigelegele. Alikaa akiirudia ile Manyoni midomoni bila sauti. "Hapo tu," alisema mwishowe. "Treni ilipita hapo. Tulisimama, tukanunua na mahindi." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa hasira, akainuka ampishe mwingine kiti.

Watu walikuwa wamepanga mstari wenyewe bila kuambiwa. Upande wa pili wa ukumbi, Ambakisye alikuwa amevuta kiti naye, mbele ya yule mwanamke wa nguo nyeupe, akamwambia shikamoo mama.

Aliyekaa mbele ya Nyamizi alikuwa mzee mwembamba wa Kilwa, Mzee Likungu, mwenye kofia ya viua iliyofifia. Kadi yake ilikuwa na matundu matatu. Walisalimiana vizuri. Alimwambia habari za binti yake, Mwanaidi, aliyekuwa anapika vitumbua gatini na akicheka unamsikia hadi sokoni, na jinsi walivyotengana kwenye mwanga wa tochi za askari. Alichukua muda wake. Nyamizi hakumkatiza.

Alipoandika jina, kibao kilijibu upesi kama kilivyojibu la Mfaume. Nyamizi alikisoma mara mbili.

"Hayupo?" aliuliza mzee.

"Hakuna, mzee wangu."

"Umenisikiliza mpaka mwisho."

"Ndiyo."

"Na safari hii imetafuta kweli?"

"Imetafuta."

Mzee Likungu alishusha pumzi ndefu. Ilionekana kana kwamba kuna kitu kimemtua. "Basi ndiyo hivyo," alisema. "Ahsante, mwanangu. Angalau leo nimesikilizwa. Mungu akulipe." Alishika magoti yake akaanza kuinuka, na Nyamizi angeweza kumwacha aende. Angekwenda nyumbani na jibu, akalala.

Alimshika mkono.

"Kaa, mzee. Alikuwemo humu, kibao kinaonyesha tarehe aliyotolewa. Alisajiliwa akiwa hai. Tulimtoa sisi, kadi yako ilipotobolewa tundu la tatu. Ndiyo maana leo hayumo, na sijui yuko wapi, na mashine haiwezi tena kumjua."

Mzee Likungu akakaa. Aliivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akamtazama usoni.

"Kabla ya kumtoa," aliuliza, "mlimtafuta?"

"Hapana," alisema Nyamizi.